Mama ametoka kumeza kidonge cha mionzi, tunauziwa unga wa kuitoa mwilini. Ninunue au nisinunue?

Binti wa Mbagala ameandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie, hasa mliopo kwenye mambo ya hospitali.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa goita. Kile kipande walichokitoa kilipopimwa kikaonekana kina saratani. Baadaye akaitwa tena, akapewa kidonge cha mionzi, akalazwa chumba cha peke yake, hakuna kumwona. Juzi wamemruhusu na sasa yuko kwangu hapa Mbagala. Karatasi tuliyopewa imeandikwa anywe maji mengi, alale peke yake, asibebe watoto. Basi.

Sasa tangu amefika nyumba imekuwa na waganga wengi. Dada mmoja wa kwenye kundi letu la WhatsApp anauza unga wa mwani wa Zanzibar uliochanganywa na mkaa uliosagwa, kopo 85,000, anasema unavuta mionzi yote ndani ya wiki. Jirani anasema maziwa. Shangazi kaja na majani ya mwarobaini na blanketi, anataka tumfukize atoke jasho. Mama mwenyewe hana raha, anasema anahisi kama ana sumu inamtembea, na mjukuu wake wa miaka mitatu analia nje ya mlango anamtaka bibi.

Naombeni mtu anayejua. Hiyo mionzi inatolewaje? Hela ya kopo ninayo, ila sitaki kumpa mama kitu cha kumdhuru.

Mchomeleaji wa Buguruni amejibu:

Pole dada. Mimi fundi wa kuchomelea miaka mingi, sisi dawa yetu ni maziwa. Ukimaliza kazi unapiga nusu lita, sumu yote inashuka. Hata mafundi rangi wanafanya hivyo. Mpe mama maziwa fresh asubuhi na jioni, huo unga achana nao.

Mstaafu wa Mionzi amejibu:

Dada, mpe mama pole yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa hela. Usinunue. Nimefanya kazi ya kuwapa wagonjwa kidonge hicho mpaka nikastaafu, kwa hiyo ninayokuandikia nimeyaona kwa macho.

Mama amepewa ayodini-131. Ayodini ndiyo yale madini joto ya kwenye chumvi, na tezi ya shingoni ndiyo inayoyakusanya. Tezi haijui kutofautisha ayodini ya chumvi na ayodini yenye mionzi, inazivuta zote. Madaktari wanaitumia tabia hiyohiyo: baada ya upasuaji huwa vinabaki vipande vidogo vya tezi, pengine na mbegu za saratani ambazo kisu hakikuzifikia. Vinaivuta ile ayodini, mionzi inaviua vikiwa humohumo. Kwa hiyo iliyobaki shingoni mwa mama imekaa pale kwa makusudi. Mtu anayekuuzia kitu cha kuitoa, kama kingekuwa kinafanya kazi kweli, angekuwa anamnyang'anya mama dawa yake.

Ile iliyozidi, ambayo tezi haikuichukua, inatoka yenyewe, na njia yake kubwa ni mkojo. Sehemu kubwa hutoka ndani ya siku mbili za mwanzo, ndiyo maana alifungiwa chumba. Nilikuwa nasimama mlangoni na kipimo, mgonjwa anakaa kitandani, napima kwa umbali ule ule kila siku. Siku ya kwanza kipimo kinapiga kelele, siku ya pili kimeshuka sana, na anayekunywa maji na kwenda chooni mara kwa mara anashuka haraka kuliko yule anayeogopa kuamka. Hakuna unga wowote ulioingia mle. Ni maji na figo. Na kile kinachobaki mwilini, nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 8, utake usitake.

Mwani sasa. Mwani una ayodini, kama vitu vingi vya baharini. Kabla ya dozi mgonjwa huambiwa kwa wiki kadhaa asile vya baharini wala chumvi ya madini joto, ili vile vipande vikae na njaa. Wakimwita tena mama kwa picha ya kufuatilia, au wakiona anahitaji dozi nyingine, huo unga utakuwa umeshavishibisha. Hilo ndilo linalonikera kwa wauzaji hawa. Wanamwingilia mgonjwa wa saratani katikati ya matibabu.

Ndugu yangu mchomeleaji, maziwa ni chakula kizuri, wala sigombani nayo. Lakini hayaingii kwenye damu kukamata sumu. Tena kwa ayodini hii, maziwa yana historia mbaya. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, ayodini-131 iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wa Belarus, Ukraine na Urusi wakanywa maziwa, na miaka michache baadaye saratani za tezi zikaanza kuonekana kwa watoto, maelfu yao. Mzazi alikuwa anampa mwanawe kikombe cha maziwa akijua anampa afya. Mama yako, dada, anywe maziwa ya dukani, ila ni pale hospitali watakaposema amerudi kwenye chakula chake cha kawaida. Ila asinywe akidhani anajitibu.

Kufukiza mwambie shangazi aache. Ayodini hutoka pia kwenye jasho na mate, kidogo. Mkimfukiza mtaijaza kwenye blanketi, halafu nani atalifua? Wewe.

Fanyeni haya badala yake. Choo aketi, mwanamume au mwanamke, asirushe matone. Akimaliza mvute maji mara mbili, na kama ni cha shimo mmwage ndoo ya kutosha. Anawe kwa sabuni kila mara. Nguo, mashuka na taulo zake zifuliwe peke yake. Sahani na kikombe vyake viwe vyake. Mjukuu aongee na bibi kutoka mlangoni, waimbiane wakitaka, ila kupakatwa bado. Siku ngapi hasa, hospitali ndiyo inajua kwa sababu inategemea dozi aliyopewa. Pigeni simu mkaulize, ni haki yenu. Na kama wewe una mimba au unanyonyesha, waambie leo hii, usingoje kesho.

Kama walimwambia anyonye ndimu au pipi kali ili mate yatoke, ubuyu unafaa pia. Tezi za mate nazo huchukua ayodini kidogo, ndiyo maana wengine wanapata mdomo mkavu au uvimbe chini ya sikio.

Binti wa Mbagala ameandika:

Shikamoo baba. Nimemsomea mama maneno yako yote, amecheka kwenye ubuyu. Shangazi kafunga majani yake.

Ila yule dada wa unga nimemwambia sinunui, kanitumia picha ya kapsuli za buluu, anasema Wabrazili walipewa unga kama huu na wakapona mionzi, na kwamba hospitali za huku zinatuficha. Ni kweli kuna kitu kama hicho au ananidanganya?

Mstaafu wa Mionzi amejibu:

Marahaba binti yangu. Hapo ameshika kipande cha ukweli, na kipande cha ukweli ndicho kinachouza kopo. Ngoja nikueleze Brazili kulikuwa na nini, maana ni habari ambayo kila anayefanya kazi na mionzi anapaswa kuijua.

Ni mji unaitwa Goiânia, Septemba 1987. Kliniki moja ya tiba ya mionzi ilihama jengo ikaacha mashine nyuma. Vijana wawili wa kuokota vyuma chakavu wakaingia, wakang'oa kichwa cha mashine, wakakiuza kwa mwenye karakana ya chuma chakavu. Ndani mlikuwa na kikopo cha sesiamu-137, madini yenye mionzi, yakiwa unga wa chumvi usiofika hata gramu 100. Kikopo kikatobolewa. Usiku ule unga ulikuwa unatoa mwanga wa buluu, watu wakaona ni kitu cha thamani, wakagawiana punje punje kwa ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea sakafuni, kisha akala chakula kwa mikono ile ile. Wakaanza kutapika na kuharisha, wakadhani wamekula kitu kibovu. Mke wa mwenye karakana ndiye aliyeunganisha mambo: akaona wote wanaougua wamegusa ule unga, akafunga mabaki kwenye mfuko, akapanda basi akayapeleka ofisi ya afya. Mwanamke yule aliokoa watu wengi sana, na yeye mwenyewe alikufa Oktoba, siku moja na yule mtoto. Walikufa wanne kwa jumla.

Watu zaidi ya 112,000 walipangwa foleni kwenye uwanja wa michezo wakapimwa. 249 walikutwa na uchafu wa sesiamu, na zaidi ya nusu yao ulikuwa umeingia mpaka ndani ya mwili.

Hapo ndipo kapsuli za buluu zinapoingia. Ni rangi inayoitwa buluu ya Prussia, wachoraji wameitumia tangu karne ya 18. Sesiamu ikiingia mwilini hujifanya potasiamu, inaenda kwenye misuli. Lakini kila siku kiasi chake humwagika kwenye utumbo, na utumbo unaivuta tena kuirudisha kwenye damu. Inazunguka hivyo kwa miezi. Buluu ya Prussia haiingii kwenye damu kabisa, inabaki utumboni, inaikamata sesiamu ikishuka na kutoka nayo chooni. Choo kinakuwa cha buluu. Kwa mtu mzima, muda wa sesiamu kupungua nusu mwilini unashuka kutoka siku kama 110 hadi siku kama 30. Kule Goiânia walipewa watu 46, mtu mzima hadi gramu 10 kwa siku, na wataalamu wakapima kinyesi na mkojo wa kila mmoja kujua kimetoka kiasi gani. Fikiria kazi hiyo, binti yangu. Kila kopo la choo lina jina, linapimwa, linaandikwa. Kazi yenyewe ya kutoa mionzi mwilini iko hivyo, na wanaoifanya hawaonekani kwenye matangazo.

Sasa angalia. Dawa hiyo inakamata sesiamu, na thaliamu pia, madini mengine yenye sumu. Ayodini haiikamati hata chembe. Mama yako hana sesiamu. Ukimpa utamfungia choo bure, kwa sababu kufunga choo ndiyo adha yake kubwa, na ayodini kidogo inayotoka kwa njia hiyo ndiyo itakawia tumboni. Na unga ule wa rangi wa madukani usije ukaujaribu, haujatengenezwa kumezwa.

Kila madini yana njia yake mwilini, na dawa yake hufuata njia hiyo, kama ipo. Plutoniamu na amerisiamu, nazo ni madini yenye mionzi, zina dawa ya sindano inaitwa DTPA, inazibana kwenye damu na kutoka nazo kwenye mkojo. Mwaka 1976 kwenye kituo cha nyuklia cha Hanford, Marekani, chombo kililipuka usoni kwa mfanyakazi wa miaka 64 akajaa amerisiamu kuliko mtu yeyote aliyejulikana mpaka wakati ule. Walimchoma DTPA kwa miaka. Aliishi miaka 11 mingine, akafa kwa maradhi ya moyo aliyokuwa nayo tangu zamani. Hata dawa hiyo ina masharti: siku ya kwanza hutolewa ile yenye kalsiamu kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi mapema, kisha huhamishiwa ile yenye zinki, kwani ile ya kwanza inamnyang'anya mtu zinki yake. Tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, nayo inakuwa sehemu ya maji ya mwili, hiyo inatolewa kwa kunywa maji tu kwa wingi chini ya uangalizi.

Na kuna vidonge vya ayodini ya kawaida ambavyo watu wanadhani vinatoa mionzi. Havitoi. Vinaijaza tezi mapema ili ile yenye mionzi ikija isipate nafasi. Poland mwaka 1986 iliwagawia mamilioni ya watoto ndani ya siku chache baada ya Chernobyl. Vikichelewa siku moja au mbili faida yake imekwisha, na havilindi chochote zaidi ya tezi.

Kwa hiyo muuzaji yeyote muulize swali moja: unga wako unatoa madini gani? Daktari hawezi kuanza bila jibu hilo. Anayesema "yote" hajui anachouza.

Na kabla mtu hajauliza: eksirei ya kifua au picha ya CT haiachi kitu mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha. Hakuna cha kutoa. Nimeona watu waliopigwa eksirei moja wakinywa mkaa mwezi mzima.

Mtoto wa Likasi ameandika:

Jambo bandugu. Miye ninaandika toka Likasi, Katanga, huku Kongo. Nisamehe Kiswahili chetu ya huku.

Kaka yangu mukubwa alichimba kule Shinkolobwe, mugodi ya zamani ya urani, wakati watu walikuwa wanaingia kutafuta kobalti, mbele serikali ifunge mwaka 2004. Alichimba bila maski, mikono mitupu, mawe alileta mpaka nyumbani. Leo anakohoa sana na anachoka. Watu wanamwambia ana urani katika mwili, na muuguzi mumoja wa hapa anataka kumuchoma hiyo DTPA kwa pesa mingi. Mzee, hiyo urani inaweza kutoka leo?

Mstaafu wa Mionzi amejibu:

Ndugu yangu wa Likasi, Kiswahili chako kizuri na swali lako ni zito. Shinkolobwe ndiyo iliyotoa urani nyingi ya mabomu ya kwanza ya Marekani, kwa hiyo hofu ya watu wenu ina msingi.

Hiyo sindano msikubali. DTPA haipendekezwi kwa urani, na figo za kaka yako ndizo zitakazolipa. Urani inatisha kwa jina, lakini ndani ya mwili dhara lake la kwanza ni la sumu ya kawaida, kama madini ya risasi, na linapiga figo. Mtu akiivuta au kuimeza kwa wingi leo, anapewa baikaboneti ya sodiamu ili mkojo usiwe mkali, urani ipite kwenye figo bila kuzichubua. Sehemu kubwa ya iliyoingia kwenye damu hutoka kwa mkojo ndani ya siku ya kwanza au mbili. Inayobaki hukaa kwenye mfupa na hutoka taratibu kwa miaka. Baada ya muda mrefu hivyo hakuna dawa ya kuifuata kule, na anayesema anayo anataka pesa.

Lakini usirudi nyumbani mikono mitupu. Kikohozi kipimwe kama kikohozi. Kwanza kifua kikuu, makohozi yapimwe, kwa sababu wachimbaji wanakipata sana na kina dawa kamili. Apigwe eksirei ya kifua kuangalia vumbi la mawe kwenye mapafu na, kwa umri wake, saratani. Machimbo ya urani yana gesi ya radoni, nayo huumiza mapafu. Kama anavuta sigara, hapo pana jambo kubwa la kufanya leo, kwa sababu radoni na sigara pamoja ni vibaya kuliko kila moja peke yake. Figo zipimwe: protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu, vipimo ambavyo hospitali nyingi za kawaida zinaweza. Kupima urani yenyewe kwenye mkojo kunahitaji maabara kubwa, na kunasaidia zaidi kujua kama bado anaipata hivi sasa kuliko kujua aliyoipata zamani.

Hivyo niulize na wewe. Yale mawe aliyoyaleta bado yapo nyumbani? Yamejengewa ukuta, yanakalia mlango, watoto wanayachezea? Maji ya kunywa mnachota wapi? Kama mawe yapo, msiyavunje wala kuyasaga, na msiyatupe mtoni. Yasogezwe mbali na chumba cha kulala na kisima, mtu afunike pua kwa kitambaa chenye maji, anawe, nguo zifuliwe peke yake, halafu mtoe taarifa kwa mamlaka ya nishati ya atomiki ya nchi yenu waje na kipimo. Hayo mawe ndiyo ninayoyaogopa kuliko yaliyomo ndani ya kaka yako.

Mtoto wa Likasi ameandika:

Mawe mbili iko chini ya kitanda, alichunga kama ukumbusho. Ninaenda kuitoa sasa. Kesho tunaenda kupimisha makohozi na mukojo. Aksanti sana mzee.

Mstaafu wa Mionzi amejibu:

Toa, ila polepole, usipige na kitu ukatoa vumbi. Weka kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, futa sakafu pale chini kwa kitambaa kibichi, usifagie. Ukipata majibu ya figo niandikie hapa, nitakusomea.